Mhimili Mrefu Kuliko Yote

Uvumi ulimkuta bombani, ndoo yake ikiwa haijajaa. Muuza mboga wa kona ndiye aliyeuleta, tena kwa sauti ya chini, ile sauti anayoitumia mtu anapotaka asikike na kila mmoja.

"Mmesikia ya mtaa wa pili? Kuna mtu anachukua watoto. Anawaita kwa kitu kizuri, mtoto akisogea, basi. Humwoni tena."

"Kachukuliwa mtoto wa nani?" mmoja akauliza.

"Nitajuaje wa nani, shoga? Mimi ninalojua ni kwamba anachukua."

Mwanamke mwenye ndoo aliacha maji yakajaa, yakafurika, yakamlowesha miguu. Alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya sare za shule, na mtaani walimwita Kengele, kwa kuwa jambo lolote la kutisha lilianza kulia kwake. Mbwa akibweka, Kengele alishaona mwizi. Wingu likitanda, Kengele alishapandisha magodoro juu ya meza. Watu walimcheka, lakini kila mtoto aliyechomoka mbio barabarani, ni Kengele aliyemdaka shingo kabla pikipiki haijafika.

Uvumi ule ulimganda kama kupe. Alikwenda nao kazini, akashona nao, akarudi nao akiwalilia majirani. Alikuwa na binti mmoja wa darasa la sita, waliyemwita Wakili kwa sababu hakuna neno lililompita bila kulipinga. Baba yake alikuwa dereva wa masafa marefu. Akiondoka, kurudi ni majaliwa. Hivyo Wakili alitoka shule saa nyingi kabla mama hajatoka karakana, na saa hizo zote alizimaliza kwa mjomba wake.

Mjomba huyo ndiye mdogo wake Kengele, mtoto wa mwisho wa mama yao. Alikuwa fundi wa redio, mjane, mtu wa maneno machache. Chumba chake cha kazi kilikuwa mwisho wa mtaa, na mlango wake siku zote ulifungwa nusu, kwani vumbi likiingia kwenye redio iliyopasuliwa tumbo, kazi yote ni bure. Spika zilizokufa alizivunja, akatoa zile sumaku za ndani, akawagawia watoto. Wakazitumia kuvuta misumari mchangani, wakarudi na mifuko imejaa kutu. Kwa hiyo wakamwita Sumaku, na yeye akaitika.

Jioni ile Kengele alimweka binti yake kitako akamweleza ya bombani, na kila alilolisikia aliliongezea chumvi kidogo ili liingie vizuri. Mtoto asipoogopa, alijiambia, atajilindaje?

Haukupita muda mrefu, Wakili akarudi kutoka shuleni na furaha imemjaa mpaka kwenye viatu.

"Mama, mwalimu wa hisabati katufundisha utafiti."

"Ndiyo mdudu gani huyo?"

"Unawauliza watu swali. Wote swali lilelile. Kila anayejibu unamchorea kamstari, ikifika minne, wa tano unaulaza juu yake, ili usipotee kuhesabu. Halafu unachora grafu. Jibu lililosemwa na wengi linapata mhimili mrefu. Kisha unaisoma inasema nini."

"Na inasema nini?"

"Mama naye! Hatujauliza bado." Akavuta kigoda. "Kila kikundi kimechagua swali lake. Wengine wanauliza matunda, wengine rangi. Sisi tumechukua langu mimi. *Katika mtaa wetu, unaogopa nini?* Nimelitoa kwa yule mtu uliyeniambia."

Kengele, aliyeishia darasa la saba na bado ana kidonda cha kuishia hapo, alijisikia kifua kinapanuka. Mtoto wake kauliza swali na darasa zima limelifuata.

"Lakini watu wa huku hawapendi kuandikwa," akasema. "Wakiona karatasi tu, wanajua watu wamekuja kuwabomolea vibanda."

"Mwalimu anajua. Katuambia tuwageuzie ubao wa karatasi, waone kila tunachoandika. Mtu akiona, hana shaka."

"Huyo mwalimu ana akili," Kengele akasema. Na alimaanisha.

Mzazi mwenzangu, usipapite hapo haraka. Jambo zima lilikuwa pale, limekaa kitako, na hakuna aliyeliona, kwa sababu lilikuja limevaa adabu.

Jumamosi asubuhi Kengele alikuwa kwenye meza ya muuza mboga akichagua nyanya, akaona kikundi cha Wakili kinakuja na sare zao, watoto wanne, mmoja kashika ubao, mwingine kalamu. Wakaamkia. Wakageuza karatasi kama walivyofundishwa. Ilikuwa na safu chache: mbwa, mtaro ulio wazi, pikipiki, giza. Vimistari vilikuwa vimetawanyika, huku viwili, kule vitatu.

"Samahani mama, sisi ni wanafunzi wa darasa la sita. Katika mtaa wetu, unaogopa nini?"

Muuza mboga akaisoma ile karatasi, akajifuta mikono, akawatazama wateja waliokuwepo, akapata la kusema.

"Mimi? Mimi namwogopa Sumaku! Anavyovuta watoto kwa vile vyuma vyake, siku moja ataninasa hata mimi na unene wangu huu, na hakuna mwanaume mtaa huu wa kunibandua!"

Watu wakaangua kicheko. Kengele alicheka mpaka akaishika meza.

"Andika, andika," muuza mboga akawahimiza watoto. "Si mmeniuliza?"

"Huyo ni mjomba wangu," Wakili akasema, "na hilo ni jibu la mzaha."

"Mwalimu kasema usimbadilishie mtu jibu lake," mwenye kalamu akamkumbusha.

Wakili akamtazama mama yake.

"Waache waandike, mwanangu," Kengele akasema, bado anafuta machozi ya kicheko. "Utani tu. Mjomba wako mwenyewe akisikia atacheka."

Basi ikafunguliwa safu mpya chini ya giza. *Sumaku.* Kikachorwa kimstari kimoja. Watoto wakashukuru, wakaenda nyumba ya pili, karatasi imegeuziwa watu.

Siku ya wazazi kazi za darasa la sita zilibandikwa ukutani, upande wa nje, karibu na geti, ili hata asiyekuwa na mtoto apate kuona. Kengele aliomba ruhusa karakana. Alivaa gauni lake la kutokea. Aliipita grafu ya matunda, akaipita ya rangi, akaikuta ya Wakili kwa sababu ndiyo iliyokuwa na watu.

Hawakuwa wakiongea. Hilo ndilo lililotangulia kumtisha. Siku ya wazazi ni siku ya kelele, na hapo watu walikuwa wamesimama kama wanaosikiliza kitu kilicho mbali.

Mbwa alikuwa na mhimili mfupi. Giza nalo, mfupi. Pikipiki na mtaro, mifupi kama vidole. Na pembeni yao, wa mwisho, umepakwa rangi nyekundu bila kutoka nje ya mstari, ulisimama mhimili uliokwenda juu mpaka watoto walilazimika kuongeza kipande cha karatasi kwa gundi. Chini yake, kwa mwandiko wa binti yake, ambao yeye aliusifu kila siku kuwa mzuri: Sumaku.

Kinyozi wa mtaa ndiye aliyeanza kuusoma kwa sauti. Alikuwa na kitana mfukoni mwa shati, na kwenye kibanda chake ndiko wanaume walikopitisha hukumu zao zote.

"Mimi sikusema kitu," akasema. "Na wewe hukusema. Huu ni mtaa mzima umesema."

"Na waliohesabu ni watoto," mwingine akaongeza. "Mtoto hana chuki na mtu."

"Penye wengi hapaharibiki neno."

Kengele akajipenyeza mbele. "Jamani, ule ulikuwa utani. Mimi nilikuwepo! Lilianza kwa utani pale kwenye mboga."

Kinyozi akamgeukia taratibu. "Kengele. Wewe si ndiye uliyetulilia hapa kuwa kuna mtu anachukua watoto? Mke wangu hakulala kwa ajili yako. Sasa mtu kaonekana, unatuambia utani?"

"Nilisema kuna mtu. Sikusema ndugu yangu."

"Kila mtu ni ndugu wa mtu," kinyozi akasema, na watu wakatikisa vichwa kana kwamba kasema hekima.

Kengele akamtafuta muuza mboga kwa macho, akamwona nyuma, kajifunika kanga hadi kidevuni. Alipomfikia alimshika mkono.

"Waambie, shoga. Waambie ulikuwa unatania."

Muuza mboga hakuutoa mkono wake. Alikuwa ameutolea macho ule mhimili mwekundu kama mtu aliyechoma takataka zake, akageuka akakuta moto umepanda kilima.

"Mimi nilitania, ndiyo," akasema polepole. "Lakini hao wengine wote, nao walitania?"

Hilo neno ndilo lililomwingia Kengele. Alilipeleka karakana, akashona mkono wa shati kichwa chini miguu juu, akafumua, akashona tena vilevile. Damu ni damu. Lakini wengine wote? Alianza kukumbuka vitu. Mlango uliofungwa nusu. Ukimya wa mdogo wake tangu azike mke. Vile alivyopenda watoto wa watu, yeye asiye na wake. Vitu vyote hivyo alivijua miaka na vilikuwa vyema. Sasa kila kimoja kiligeuka kikamwonyesha mgongo.

Akarudi nyumbani, akamsimamisha binti yake.

"Mjomba amewahi kukufungia mlango?"

"Hufunga nusu. Vumbi."

"Amewahi kukuambia jambo akasema usiniambie?"

"Mama, umepatwa na nini?"

"Nijibu."

"Hajawahi."

"Kuanzia kesho, ukitoka shule ni nyumbani moja kwa moja. Unafunga mlango kwa ndani. Humfungulii mtu. Hata mjomba akija, humfungulii."

"Hata mjomba?"

"Nimesema hata mjomba!"

Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, Wakili hakupinga.

Sumaku alikuja mwenyewe. Alikuja mchana, Kengele akiwa hana zamu, akasimama nje akapiga hodi kama mgeni, yeye ambaye siku zote aliingia akifunua sufuria.

"Wateja hawaji, dada," akasema. "Mwenye redio ile kubwa kaja kuichukua ikiwa imefunguliwa, kaibeba na waya zinaning'inia. Na watoto wakipita kwangu wanakimbia." Akajaribu kutabasamu. "Wakili naye anaumwa? Simwoni."

Kengele alikuwa na kitambaa mkononi, akakikunja, akakikunjua. "Ana masomo mengi."

Mdogo wake akautazama ule mkunjo. Walilelewa chumba kimoja, walikula sahani moja. Hata angedanganywa na watu wote, asingeweza kudanganywa na huyu.

"Hata wewe, dada?" akasema.

Akageuka, akaenda zake.

Ni jioni hiyo, kwa uchungu tu, Kengele alipomwambia Wakili amwonyeshe walivyokuwa wakiuliza. Hakujua anatafuta nini. Alitaka kumwona mtoto akifanya lile jambo, labda aelewe. Wakili akachukua kifuniko cha boksi kiwe ubao, akachora safu zilezile, akajaza vimistari kama alivyovikumbuka vya nyumba za katikati, akasimama mbele ya mama yake na kumgeuzia.

"Samahani mama, katika mtaa wetu, unaogopa nini?"

Kengele akafungua mdomo kusema mtaro, kwa maana kweli aliuogopa mtaro, aliwahi kumwokoa mtoto wa jirani humo. Lakini macho yake yalishateremka yenyewe mpaka kwenye safu iliyojaa. Vimistari vimesimama vimelala, vimesimama vimelala, mafungu kwa mafungu. Akajisikia haya. Kusema mtaro, wakati watu wote wamesema mtu, ingekuwa kama kuonekana mjinga usiyejua habari za mtaa wako. Au mbaya zaidi, kama unayemficha.

"Mungu wangu," akasema. "Wote waliona hivi?"

"Ndiyo. Mwalimu alisema waone."

"Nyumba za mwanzo walisema nini, kabla ya kwa muuza mboga?"

"Mtaro. Mbwa. Vile vya kawaida." Wakili akaushusha ubao. "Baada ya yeye, wa kwanza alicheka akasema haya na mimi niandikeni huko. Wa pili pia alicheka. Halafu wakawa hawacheki tena, mama. Walikuwa wanaangalia tu, wanasema: na mimi huyo."

Kengele alikimbilia kwa mwalimu asubuhi kabla ya kengele ya kwanza. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba, chaki mpaka kwenye nyusi. Alimsikiliza akiwa amesimama. Kengele alipofika pale alipojisikia haya mbele ya ubao, mwalimu akaketi.

"Ni mimi," akasema. "Nilitaka wasiogope karatasi, nikasahau kwamba wanaogopana wenyewe zaidi. Tumehesabu vinywa vingi, mama, lakini vyote vilikuwa vinasema neno la mtu mmoja. Na hata wangesema kwa dhati, swali lilikuwa unaogopa nini. Hofu ndiyo tuliyoihesabu. Hakuna mtu aliyeulizwa ameona nini."

"Basi ibandue ile karatasi, mwalimu. Leo."

"Nikiibandua watasema naficha. Tutarudia. Swali lilelile, nyumba zilezile, ila kila mtu anaandika peke yake, anakunja, anatumbukiza kwenye boksi. Kisha tutazibandika mbili pamoja, nao wasome wenyewe tofauti."

Kengele akamwamini, na akatoka na moyo mwepesi. Alikuwa na haraka ya kwenda karakana. Njiani akaazimia kwenda kwa mdogo wake jioni, ampigie magoti ikibidi. Jioni kazi ikazidi. Sare za muhula mpya. Akasema kesho. Kesho nayo ikawa na kazi zake.

Watoto wakazunguka na boksi. Grafu ya pili ikabandikwa kando ya ya kwanza, na humo mtaro ndio uliopanda juu kuliko yote, pikipiki ikifuata. Sumaku alikuwa na mhimili mdogo kiasi cha kuuziba kwa kidole gumba. Mwalimu akasimama getini mwenyewe kuwaeleza watu.

Kinyozi akasikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Mwalimu, wewe umesoma, mimi sikusoma," akasema. "Lakini niambie. Hii ya kwanza, watu walisema wazi, macho kwa macho, kila mtu anaona. Hii ya pili wamejificha. Sasa ukweli na uongo, kipi kinajificha?"

Watu wakacheka, na kicheko chao hakikuwa na furaha.

"Na tena," sauti ikatoka nyuma, "dada mtu alionekana shuleni alfajiri. Kaja kufanya nini?"

Mwalimu akajibu, lakini maneno yake yalifika kwa waliokuwa karibu tu. Kesho yake ile ya pili haikuwepo ukutani. Gundi yake ilibaki, madoa manne. Ile ya kwanza hakuna aliyeigusa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, jua la mchana kabisa, saa ambayo mtu hatarajii ubaya. Mtoto mmoja alitumwa chumvi hakurudi. Mama yake akamwita mara moja, mara mbili, na badala ya kumwita mara ya tatu akapiga ukelele. Kabla hajamaliza pumzi, jina lilishatajwa. Hakuna aliyemtaja, ukiwauliza. Lilikuwa tu limekwishakaa vinywani linangoja. Mtoto alikuwa kwa bibi yake, kalala mkekani na pakiti ya chumvi mkononi. Wakamwona saa chache baadaye, na hilo halikumsaidia mtu.

Kengele alikuwa karakana. Habari zilimkuta na tepu ya kupimia shingoni, akakimbia nayo hivyohivyo. Alipita chumba cha mdogo wake kwanza. Mlango ambao miaka yote ulifungwa nusu ulikuwa umelala chini, na redio zimetapakaa barabarani, watu wanazikanyaga kama makombo. Yeye hakuwepo. Akashukuru. Alijua mahali atakapokuwa amekimbilia, kwa kuwa tangu utotoni, akipigwa na wakubwa, alikuwa na mlango mmoja tu wa kukimbilia.

Akafika nyumbani kwake. Mlango ulifungwa kwa ndani, komeo na kitasa.

"Wakili! Fungua, ni mimi!"

Komeo likavutwa. Mtoto alikuwa mweupe wa midomo, mikono imeng'ang'ania ufagio.

"Mjomba yuko wapi?"

"Alikuja," Wakili akasema.

"Yuko wapi?"

"Aligonga. Akasema nifungulie, mama, nifungulie haraka. Siku zote huniita mama." Akauegemeza ufagio ukutani. "Nikamwambia: mama kasema hata wewe nisikufungulie. Akanyamaza. Nikasikia watu wanakuja. Akasema: basi usifungue, mtii mama yako, rudi ndani kabisa. Halafu akaondoka."

Kengele alikuwa amefuta shaka yake moyoni, siku ileile ya kifuniko cha boksi. Kwa mwalimu alikwenda. Kwa mtoto hakuwahi kurudi kuifuta ile amri. Ilibaki pale mlangoni kama mlinzi aliyesahauliwa, ikafanya kazi yake.

"Nilifanya vibaya, mama?"

"Hapana," Kengele akasema. "Ulifanya nilivyokuambia."

Walimkamata karibu na ukuta wa shule. Hakufa. Watu husema hakufa kana kwamba hapo ndipo habari inapoishia. Mkono wake wa kulia, ule wa kushikia waya nyembamba kuliko unywele, haukunji tena vidole. Alipotoka hospitali hakupita mtaani; alipanda basi, na dada yake alikuja kujua kwa mtu mwingine. Akipigiwa simu hupokea, huuliza hali ya Wakili, husema salamu kwa wote, hukata. Hajawahi kumlaumu. Ingekuwa nafuu angemlaumu.

Mtaani hakuna anayesema alikuwepo. Kinyozi ananyoa. Muuza mboga humpimia Kengele nyanya za ziada, na hawatazamani. Mwalimu kahamishwa, na darasa la sita la sasa linafundishwa mihimili kutoka kitabuni, bila kutoka nje ya geti. Lakini ule utafiti haujaisha. Wameuchukua watu wazima. Kengele huusikia bombani. Anapokaribia, ndoo zinaanza kugongana, kila mtu ana haraka. Siku moja, kabla hawajamwona, alimsikia mmoja akiuliza, "Hivi dada mtu naye, alikuwa hajui kweli?" Na wa pili akamtazama kwanza wa tatu, aone yeye atasema nini, ndipo akajibu.

Mzazi, mlezi, mwalimu, epuka haya:

Usimpelekee mtoto habari ambayo hujui imeanzia kwa nani. Ukiipeleka, usiitie chumvi.

Usimruhusu mtoto aulize watu huku majibu ya wenzao yako wazi mbele yao.

Usiandike jibu la mzaha pamoja na majibu ya kweli, hata kama mwenye kujibu anasisitiza, hata kama wewe mwenyewe umecheka.

Usiweke jina la mtu kwenye grafu. Mbwa, mtaro, giza, sawa. Mtu, hapana.

Usibandike ukutani kazi ambayo mtoto hajaulizwa aliipataje.

Usidhani kwamba wengi wakisema, basi wengi wameona.

Usiseme utakwenda kesho kuomba radhi.

Ukimpa mtoto amri kwa sababu ya hofu, na hofu ikaondoka, usiiache ile amri ibaki. Rudi uiondoe kwa mdomo wako, mtoto akusikie.